Umeflashi upya, bodi imegoma: uflashi tena, usikilize siriali, au uingie kwa USB?

Taa nyekundu imekaa, ya kijani imepepesa mara mbili tatu kisha kimya. Skrini nyeusi. Dakika kumi zilizopita bodi hiyo hiyo ilikuwa ikifanya kazi, ukaamua kuiwekea mfumo mpya. Sasa mkono unataka kufanya jambo moja tu: kuirudisha kadi kwenye laptopu na kuflashi tena.

Ngoja kidogo. Njia kubwa za kuifufua kompyuta ya bodi moja, kama Raspberry Pi, ni tatu, na kila moja ina ugonjwa wake inaoutibu. Watu wengi hurudia ya kwanza mara tano kabla ya kuifikiria ya pili, na ya tatu hawaijui mpaka wameshatangaza msiba.

| Njia | Unahitaji nini | Inatibu nini | Haikwambii nini |
|---|---|---|---|
| Kuflashi tena | Kadi na kisoma kadi | Imeji (faili la mfumo unaloliandika kwenye kadi) iliyoharibika, kadi mbovu | Kwa nini iligoma |
| Waya wa siriali (unaopeleka maandishi ya bodi kwenye laptopu) | Adapta ya USB ya volti 3.3, nyaya tatu | Haitibu. Inaonyesha pa kutibu | Karibu hakuna, mradi chipu imeanza kusema |
| Kuingia kwa USB | Kebo ya data, programu ya chipu husika | Butiloda iliyokufa au ya zamani | Kosa la ndani ya mfumo |

Ushauri wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao: flashi tena mara moja tu, na kwa kadi nyingine. Ikigoma, chukua siriali. USB iache kwa siku ambayo chipu haipati butiloda, yaani kile kiprogramu kidogo kinachoamka kwanza na kuuita mfumo, au kwa bodi isiyotumia kadi kabisa.

## Kabla ya yote, imegoma kweli?

Bodi nyingi zinazolaliwa matanga ziko hai, hazisikiki tu. Hili huwapata hasa wanaotumia bodi bila skrini. Kwenye Raspberry Pi OS, SSH, njia ya kuingia kwenye bodi kupitia mtandao, huja imefungwa tangu Novemba 2016. Yule mtumiaji `pi` mwenye nywila `raspberry` aliondolewa Aprili 2022. Toleo la Bookworm la Oktoba 2023 likahamia NetworkManager, na lile faili la mipangilio ya Wi-Fi, `wpa_supplicant.conf`, ulilozoea kulidondosha kwenye patisheni (sehemu ya kadi) ya kuwashia halishughulikiwi tena. Kwa hiyo mtu anayefuata maelekezo ya mwaka 2019 anaweza kuflashi bila kosa hata moja, bodi ikabuti vizuri, na bado akakaa saa nzima anaipigia `ping` isiyojibiwa. Chomeka waya wa mtandao, fungua ukurasa wa ruta, tazama kama kuna kifaa kipya. Kikiwepo, shida yako ni ya mipangilio.

Subira nayo ina nafasi yake. Mara ya kwanza mfumo huinyoosha patisheni ijaze kadi nzima, na bodi huweza kujizima na kujiwasha katikati. Ukiuchomoa umeme hapo, umeua kitu kilichokuwa kinapona.

Halafu umeme wenyewe. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 5 inataka volti 5 na ampea 5 ili itoe nguvu zake zote. Volti zikishuka chini ya 4.63 Pi huonyesha alama ya radi kwenye skrini. Kama siku uliyoflashi ndiyo siku uliyobadilisha chaja, irudishe ya zamani kabla ya kuugusa mfumo.

Na hakikisha imeji ni ya bodi yako. Pi 5 haibuti na toleo lolote la kabla ya Bookworm. Pi Zero ya kwanza haiwezi mfumo wa biti 64, wakati Zero 2 W inaweza. Majina yanafanana, chipu hazifanani.

## Kuflashi tena: dawa nzuri inayotumiwa vibaya

Sifa yake ni urahisi. Na kweli, makosa mengi hutokea hapa hapa kwenye kuandika. Anayetumia `dd`, amri ya Linux ya kunakili data, anaandika kwenye `/dev/sdb1` badala ya `/dev/sdb`, hivyo imeji nzima, pamoja na jedwali lake la patisheni, inaangukia ndani ya patisheni moja, na chipu ikitafuta mwanzo wa kadi haikuti kitu. Mwingine anaandika faili la `.img.xz` bila kulifungua. Mwingine amemaliza vizuri kabisa, Windows inamwambia kadi haisomeki, iumbizwe. Anakubali, na kazi yote inafutika. Ile ilani ni ya kawaida, kwa sababu Windows haiielewi ext4, umbizo la mafaili la Linux. Ifunge.

Kama makosa ni ya aina hii, kuflashi tena kunaponya. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kurudia na kurudia kwa akili. Raspberry Pi Imager na balenaEtcher huisoma kadi baada ya kuandika na kulinganisha. `dd` haifanyi hivyo. Inasukuma baiti na kuondoka. Ukiitumia, weka `conv=fsync` ili isikwambie imemaliza wakati data bado ziko kwenye kumbukumbu ya laptopu. Kabla ya hapo piga `sha256sum` kwenye faili ulilopakua na ulinganishe namba inayotoka na ile iliyotolewa na wenye mfumo. Hatua hii inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai, na inaondoa shaka nzima.

Sasa suala la kadi. Kadi ya SD iliyochoka ina tabia moja ya kihuni: inajifunga isiandikike, lakini haikatai. Unaandika, inaitikia, hakuna kosa lolote, ukiirudisha mambo ni yale yale ya zamani. Nilishawahi kuflashi kadi moja mara nne, nikabadilisha imeji, nikabadilisha programu ya kuflashi, nikailaumu bodi, na mwishowe nikaona faili nililolifuta wiki iliyotangulia bado limekaa humo linanitazama. Jaribu hivi: futa faili moja kwenye kadi, itoe, irudishe. Likifufuka, kadi hiyo itupe. Kuna pia kadi za uongo zinazojitangaza kuwa na ukubwa zisiokuwa nao. `f3probe` kwenye Linux au H2testw kwenye Windows huziumbua.

Ndiyo maana nasema mara moja, na kwa kadi nyingine. Ukirudia kwenye kadi ile ile, hujajaribu chochote kipya. Ukibadilisha kadi na ikagoma vile vile, umejifunza kitu: kadi ya kwanza haina hatia, na mara ya tatu haitakupa jibu tofauti.

## Taa na skrini: za bure, ila hazisemi lugha moja

Kwenye Raspberry Pi taa ya kijani ina alfabeti yake. Mipepeso minne mifupi ina maana faili la `start.elf` halikupatikana, saba, kerneli (kiini cha mfumo) haikupatikana, minane, kumbukumbu ya RAM ina hitilafu, mirefu miwili na mfupi mmoja, patisheni haina umbizo la FAT. Skrini ya rangi za upinde wa mvua iliyoganda inaonyesha kwamba programu dhibiti imepakiwa na kerneli haijashika. Pi 4 na Pi 5 zinakwenda mbali zaidi: butiloda yake inaandika kwenye HDMI inachokitafuta na inachokosa.

Kwenye bodi za kampuni nyingine usitegemee hivyo. Taa hupepesa kwa amri ya kerneli, kwa hiyo kama kerneli haijafika, taa iliyokaa kimya inaweza kuwa na maana kumi. Mwenye Pi aanze na taa. Mwenye bodi yenye chipu ya Rockchip au Allwinner asipoteze usiku kuhesabu mipepeso.

## Siriali: hapa ndipo bodi inapoongea

Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja cha kukaa kwenye droo, ningechukua adapta ya USB kwenda siriali kabla ya kadi ya akiba. Kuflashi kunabahatisha jibu, siriali inakusomea swali.

Uunganishaji ni nyaya tatu. Kwenye Pi yenye pini 40, ardhi ni pini ya 6, TX (ya kutuma) ni ya 8 na RX (ya kupokea) ni ya 10. TX ya bodi inakwenda RX ya adapta, na kinyume chake. Pi 5 ina kiunganishi chake kidogo cha pini tatu katikati ya matundu ya HDMI. Waya mwekundu wa umeme wa adapta uache unaning'inia, bodi ina umeme wake. Na adapta iwe ya volti 3.3. Ya volti 5 inaweza kuziunguza pini, na hapo utakuwa umelitengeneza tatizo ulilokuwa unalitafuta.

Kasi ndiyo inayowakwamisha wengi. Pi hutumia biti 115200 kwa sekunde. Bodi nyingi za Rockchip, kama za RK3328, RK3399 na RK3588, huongea kwa 1500000. Ukifungua kwa kasi isiyo yake utaona takataka za alama, na takataka ni habari njema: kuna mtu anaongea. Tatizo ni kwamba baadhi ya adapta hazifiki huko. CP2102 ya asili inaishia milioni moja, CH340 inafika milioni mbili. Mtu anaweza kuihukumu bodi nzima kwa kosa la adapta. Kwenye Linux tumia `picocom -b 1500000 /dev/ttyUSB0`, kwenye Windows PuTTY inatosha.

Kwa Pi, weka `enable_uart=1` kwenye `config.txt`. Patisheni hiyo ni FAT, unaweza kuihariri kwenye kompyuta yoyote.

Kisha washa, na usome bodi inafika wapi kabla ya kunyamaza. Hapo ndipo siriali inapozishinda njia nyingine zote, kwa sababu kila kituo kina dawa yake.

Kimya tangu mwanzo, hata takataka hakuna: badilisha kwanza TX na RX. Bado kimya? Umeme, au chipu haijapata butiloda popote. Huyu ni mgonjwa wa USB, nitamrudia.

Kwenye Rockchip, mistari inayotaja DDR inatoka kisha inakatika: RAM inashindwa kuamshwa. Mara nyingi imeji ni ya bodi nyingine yenye chipu ile ile, au umeme unayumba.

U-Boot, butiloda ya bodi nyingi, inatokea, inahesabu, inaishia kwenye alama ya `=>`. Butiloda ni nzima, haijaona mfumo wa kuupakia. Andika `mmc list`, kisha `ls mmc 1:1` (namba inategemea bodi), uone kama inaiona kadi na kilichomo. Isipoiona, shughulikia kadi na tundu lake. Ikiyaona mafaili yote na bado haipakii, angalia hati ya kuwashia.

`Starting kernel ...` halafu kimya. Huu ndio mstari unaodanganya wengi. Kerneli inaweza kuwa inakimbia vizuri huku ikiongea kwenye mlango mwingine, kwa sababu kipengele cha `console=` kinataja `ttyS2` wakati kerneli hiyo inauita mlango jina jingine. Subiri dakika moja, angalia mtandao. Kama hata mtandao haupo, shuku faili la dtb, lile linaloielezea kerneli bodi imeundwaje.

`Waiting for root device PARTUUID=` na hapo hapo inaganda. Hili nililifanya mwenyewe. Nilikuwa nimehifadhi `cmdline.txt`, faili la maagizo kwa kerneli, ya kadi ya zamani kwa sababu ilikuwa na mipangilio yangu, nikaflashi mfumo mpya, nikairudisha kwa furaha. Namba ya PARTUUID iliyomo, yaani kitambulisho cha patisheni, ni ya kadi iliyokwisha kufa. Kadi mpya ina yake. Kerneli ikakaa inamsubiri marehemu. Ningeflashi mara mia, na kila mara ningeirudisha `cmdline.txt` ile ile kwa mikono yangu, nisijue. Siriali iliniambia kwa mstari mmoja. Ukitaka mipangilio yako, ihamishe neno kwa neno, liache faili likiwa mstari mmoja usiokatika, na `root=` usiiguse.

Na ukiona `login:` basi bodi ni nzima. Rudi kule juu kwenye habari za SSH na mtandao.

Siriali nayo ina kasoro. Haitengenezi kitu. Pia kuna bodi ambazo, adapta ikiwa imechomekwa, hupenyezewa umeme kidogo kupitia pini ya RX na kukataa kuwaka vizuri. Ukiona bodi inabuti ukichomoa adapta na kugoma ukiichomeka, usiwaze uchawi. Washa bodi kwanza, uchomeke waya sekunde moja baadaye.

## USB: kuingia kwa mlango wa nyuma

Hapa inabidi tuzitenganishe familia, kwa sababu ushauri wa familia moja hauifai nyingine.

Raspberry Pi 3 na za kabla yake hazina butiloda ndani ya bodi. Chipu inasoma `bootcode.bin` kutoka kwenye kadi. Kwa hiyo kuflashi kadi vibaya hakuwezi kuiua. Kadi nzuri ikiingia, bodi inaamka. Tangu Pi 4 ya mwaka 2019 butiloda imo ndani ya EEPROM, chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye bodi, na kuflashi kadi hakuigusi. Ikiharibika, kwa mfano umeme umekatika katikati ya kuisasisha, uokoaji wake hauhitaji USB: kwenye Raspberry Pi Imager kuna imeji ndogo ya kurejesha butiloda. Iandike kwenye kadi, chomeka, washa. Taa ya kijani ikipepesa haraka bila kukoma na skrini ikawa ya kijani, imefaulu. Compute Module (Pi ya kuchomekwa kwenye bodi nyingine) yenye eMMC, yaani hifadhi iliyogandishwa kwenye bodi, ndiyo inayotumia USB, kwa programu ya `rpiboot`, na eMMC inatokea kwenye laptopu kama diski.

Rockchip ni habari tofauti, na hapa ndipo njia hii inapolipa. Chipu ya RK3399 hutafuta butiloda kwenye chipu ya kumbukumbu ya SPI kwanza, halafu eMMC, halafu kadi ya SD. Sasa fikiria: umeflashi kadi mpya safi, lakini kwenye eMMC kuna butiloda ya miaka mitatu iliyopita. Inayoamka ni ile ya zamani. Inaikuta kadi yako, inajaribu kuupakia mfumo mpya kwa dtb au anwani zisizolingana, inaanguka. Unabadilisha kadi, unabadilisha imeji, haisaidii kitu, kwa sababu butiloda ya kwenye kadi haijawahi kuguswa hata mara moja. Siriali itakuonyesha: tarehe na toleo la U-Boot linaloandikwa mwanzoni si la imeji uliyoflashi. Ukiona hivyo, umeshampata mkosaji.

Dawa: bonyeza kitufe cha maskrom (hali ambayo chipu husubiri amri kwa USB), au unganisha nukta zilizotajwa kwenye mchoro wa bodi, huku ukichomeka kebo ya USB. Kwenye laptopu `lsusb`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, itaonyesha kifaa chenye namba inayoanza na `2207`. Kisha `rkdeveloptool ld` kuhakikisha, `rkdeveloptool db` pamoja na faili la loda ya chipu yako, na `rkdeveloptool wl 0` pamoja na imeji. Imeji inaandikwa moja kwa moja kwenye eMMC, kuanzia sekta ya sifuri. Loda hiyo lazima iwe ya chipu yako. Ya RK3588 haina kazi kwenye RK3399.

Allwinner huanza na kadi ya SD kabla ya eMMC, kwa hiyo butiloda ya zamani haikuzibii njia kirahisi hivyo. Chipu isipopata cha kubuti huingia yenyewe kwenye hali ya FEL, ya kusubiri amri kwa USB, na `lsusb` inaonyesha `1f3a:efe8`. Kuiona namba hiyo tu kunatosha kukwambia kwamba chipu ni nzima na kadi haina butiloda inayosomeka. Butiloda ya Allwinner inakaa kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Ukiwa umenakili patisheni bila eneo lile la mwanzoni, umeiacha nyuma.

Hatari ya njia ya USB ni kwamba haikuulizi mara mbili. Imeji isiyofaa itaandikwa juu ya eMMC nzima kwa utiifu ule ule wa ile inayofaa. Kama kwenye eMMC kuna data unazozitaka, usianzie hapa.

## Basi, wewe uko wapi?

Una Pi, una kadi ya pili: hesabu mipepeso, badilisha kadi, flashi kwa programu inayohakiki. Wengi wenu safari inaishia hapo, na adapta ya siriali hamtaihitaji leo.

Una Pi bila skrini na imegoma kwa kadi mbili: siriali. Usibishane.

Una bodi ya Rockchip yenye eMMC: ningeiruka hata kadi ya pili, niende siriali moja kwa moja nisome toleo la U-Boot. Kama huna adapta na data za eMMC hazikuumi, nenda maskrom. Ni njia ya kibabe lakini ina mwisho.

Una Allwinner: chomeka USB, piga `lsusb`. Sekunde kumi. Halafu ndiyo uamue kuhusu kadi.

Na kama umebonyeza maskrom au umetoa kadi, umechomeka, na `lsusb` haionyeshi chochote, badilisha kebo kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa nyingi zilizozagaa mezani ni za chaji tu, ndani yake hamna nyaya za data. Hakikisha pia umechomeka tundu la OTG la bodi, lile linaloifanya ionekane kwenye laptopu kama kifaa, maana si kila tundu la USB lina njia hiyo. Ukishajaribu kebo unayoijua, tundu sahihi na chaja nyingine, huku siriali nayo ikiwa kimya kwa kasi zote mbili, weka laptopu pembeni na chukua kipima volti. Pima reli ya volti 3.3. Isipokuwepo, hakuna imeji duniani itakayoirudisha.